Mzigo Uliokwenda Sepuka

Mara ya kwanza nilipoandika anwani ya mama kwenye simu, alinisomea mwenyewe, polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

"Andika Sepuka. Andika nyuma ya mashine ya kusaga. Andika nyumba yenye mlango wa kijani."

"Mama, mashine si ilishakufa?"

"Imekufa, lakini kila mtu anapajua. Wewe andika."

Mimi nilikuwa nafanya kazi Dodoma. Nilikuwa nachagua kitu dukani kupitia simu, naandika anwani, wenye duka wanakipakia kwenye basi. Namba ya kupokelea mzigo niliweka ya jirani yetu, mjane tuliyemwita mama mkubwa. Yeye alikuwa na sola, simu yake haikosi chaji. Simu ya mama ilishinda imezimwa ndani ya kikapu cha ufuta.

Tangu siku hiyo nikiandika herufi mbili tu za neno mama, simu ilimalizia yenyewe: Sepuka, mashine, mlango wa kijani, namba ya jirani. Sikuichukia tabia hiyo. Mistari ile ikijipanga niliuona ua wetu ulivyofagiwa asubuhi, na uwele uliotandazwa juani huku kuku wakiuvizia. Mlango ule baba aliupaka rangi iliyobaki baada ya kazi fulani ya kupaka madirisha, na kwa kuwa haikutosha, upande wa chini uliachwa vilevile. Alisema atamalizia. Hakuwahi, na baada ya yeye kufariki hakuna aliyetaka kuugusa.

Kisha magoti ya mama yakachoka. Kuchota maji kukawa shida, na mdogo wangu aliyeolewa Itigi akaja kumchukua. Nyumba tukampangisha mwalimu. Mama aliondoka bila maneno mengi. Alifunga vyombo vyake, akaaga nyumba hadi nyumba, akapanda gari.

Itigi alitunzwa vizuri, ila kila nikimpigia alikuwa mfupi wa maneno. "Tupo. Treni zinapita. Wajukuu wazima." Mwezi wa sita baridi ilipoingia, mdogo wangu akaniambia mama analalamika miguu. Nikaagiza blanketi zito na viatu vya sufu.

Niliandika mama, simu ikamwaga Sepuka yote. Nikafuta. Nikaandika Itigi, karibu na stesheni. Nilipoteremka chini kuweka namba ya mdogo wangu, simu ikawahi kuleta namba ya mama mkubwa. Nikaifuta nayo, nikaandika niliyotaka, nikatuma. Sikujua kwamba ilipoleta namba ile ilikuwa imerudisha na anwani ya zamani kule juu, nisikoangalia tena. Wala sikujua kwamba wenye duka walikuwa bado wanayo namba ya jirani kutoka mizigo iliyopita, na ndiyo watakayoipiga.

Siku chache baadaye mama mkubwa akanipigia.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Mzigo wa mama yako nimeupokea stendi. Kwani anarudi?"

Aliuliza kwa sauti ya mtu ambaye ameshaanza kufagia njia.

"Harudi, mama mkubwa. Ni simu imekosea anwani."

"Haya," akasema. "Basi upo hapa."

Nilimpigia mama kumweleza, nikamwambia nitafanya mpango mtu aupakie tena uende Itigi.

"Usimsumbue mtu. Nitaufuata mwenyewe."

"Na magoti?"

"Magoti yatakaa kwenye kiti. Gari ndilo litakalotembea."

Mdogo wangu alijaribu kumzuia, akashindwa. Tukakubaliana shemeji ampandishe gari Itigi, mimi nimpokee Singida mjini. Aliposhuka stendi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani, na mkononi ana dumu la asali. Tulipanda gari la Sepuka pamoja. Njiani alikaa dirishani akitazama mashamba, na kila kidogo akisema peke yake: huyu kavuna mapema, huyu alizeti zake hazikujaa mwaka huu. Nilikuwa sijamsikia akisema maneno mengi kiasi hicho tangu ahame.

Mama mkubwa alikuwa anatungoja barabarani. Walisalimiana kwa Kinyaturu, salamu ndefu zile zinazopita kwa watoto, kwa ng'ombe, kwa mvua, na kurudi tena kwa watoto. Hawakukumbatiana. Walishikana mikono tu, na mikono haikuachana mpaka tulipofika uani kwake.

Mzigo ulikuwa juu ya kitanda, umefunguliwa. Blanketi lilikuwa na mkunjo wa mtu aliyelilalia.

"Nimejifunika," mama mkubwa akasema, bila kuona haya. "Baridi ilikuwa kali, nikasema, mwenye nalo hawezi kukasirika."

Mama akalishika, akalinusa. "Limeshanuka moshi wako. Nitalipeleka wapi sasa?"

Wakacheka wote wawili, kicheko cha chini kilichokawia kwisha. Viatu navyo mama mkubwa alikuwa ameshavijaribu, havikumtosha. Mama alivivaa palepale, akatoka navyo uani.

Tulikula ugali wa uwele kwa mlenda. Baadaye nilimsindikiza mama kwenda kuona nyumba. Mwalimu alitukaribisha kwa heshima, akatutolea viti. Mlango alikuwa ameupaka rangi ya kahawia, wote, juu mpaka chini. Nilimwangalia mama. Alipitisha kiganja kwenye ubao, pale ambapo zamani rangi ilikuwa inakomea.

"Umeupaka vizuri," akamwambia mwalimu. "Mchwa hawataupata."

Tulipotoka aliuliza kama nimeona mchicha wa yule mwalimu ulivyostawi pale lilipokuwa zizi la mbuzi. Nilikuwa nauona, lakini nilikuwa namkumbuka baba akiwa ameinama na brashi yake. Mama alinishika mkono kama anayetaka kuegemea, ingawa njia ilikuwa tambarare.

Alikaa Sepuka mpaka uwele wa mama mkubwa ulipomalizwa kupurwa. Mimi nilitangulia Dodoma. Alirudi Itigi bila blanketi, na nikamnunulia jingine sokoni kwa mkono wangu, nikampelekea. Tangu hapo kila mavuno anakwenda kukaa na rafiki yake, na mdogo wangu ameacha kubishana naye.

Mwaka uliofuata mama mkubwa naye alikwenda kumtembelea Itigi. Hakuwa amewahi kuona treni karibu. Nilikuwa huko siku hiyo, tukatembea polepole sote watatu mpaka stesheni. Gari moshi lilipoingia likiunguruma, alirudi nyuma akamshika mama kitenge. Behewa moja moja likapita mbele yetu, watu wakituangalia madirishani, mpaka la mwisho likapotea kwenye vichaka.

"Kumbe linapita tu," akasema.

"Linapita tu," mama akamjibu. "Siku za kwanza lilikuwa linaniamsha. Siku hizi silisikii."

Wakageuka kurudi nyumbani, kwa sababu maharage yalikuwa jikoni.