Mmarekani na pesa ya mwili

Ule ulikuwa mwaka mafuta ya kupikia yalipokosekana madukani. Brussels nzima, wazungu na sisi Wakongo, tulipewa chupa moja moja kama wagonjwa wanaogawiwa dawa. Wauza viazi vya kukaanga walipandisha bei, na makayabo, ule samaki wa chumvi ambaye bila mafuta ya moto ni kama kutafuna kiatu, sisi tulimchemsha. Tulimchemsha na nyanya na kitunguu, tukamla na bukari, ugali wetu, tukasema ni mtamu. Uongo. Mwaka huo wa samaki wa kuchemsha ndio mume wangu alitaka kununua gari la Kimarekani.

Siyo gari hivi hivi. Alitaka lile refu la zamani, la matajiri, la miaka ya sabini, lenye pistoni nane na viti vya ngozi kama makochi ya askofu. Yeye alikuwa na miaka sabini na sita, mapafu yamejaa vumbi la kiwanda cha shaba cha Likasi kule kwetu, na daktari ameshamwambia: papa, panga mambo yako, tunahesabu miezi. Mtu mwingine angepanga mambo yake. Wangu alipanga gari.

Niseme kwa nini, maana hakuwa mjinga. Tulipooana kule Likasi, alimlipa mfanyabiashara mmoja mwenye gari kama lile anibebe kutoka kwa wazazi wangu mpaka kanisani. Mishahara ya miezi mitatu. Asubuhi yenyewe gari likaenda kumbeba mkubwa mmoja wa chama aliyelipa zaidi. Mimi nilikwenda kanisani kwa miguu, gauni jeupe linaburuta kwenye vumbi jekundu, shangazi zangu wamelishika nyuma wanatukana njia nzima. Mimi nilishasahau kabla ya kukata keki. Yeye hakusahau. Miaka arobaini na tisa, akiona gari refu anageuza uso. Na mwezi wa tisa wa mwaka ule manispaa yetu ya Anderlecht, hapa Brussels, ilikuwa itupokee pamoja na wazee wengine wanaotimiza miaka hamsini ya ndoa: meya, maua, divai ya mapovu. Alitaka nishuke mlangoni pale kutoka kwenye gari lake.

"Papa, tukodi siku moja tu," binti yetu alimwambia. Ndiye aliyekuwa anatuendesha huku na huku.

"Ya kukodi njo ilifanya mama yako atembee na miguu. Mara mbili? Jamais, hata siku moja."

Sasa pesa. Shule niliiacha darasa la nne, lakini nyumba hii niliihesabu mimi. Tulikuwa na mafungu mawili. Fungu la kwanza, euro elfu tisa, lilikuwa lake, la kubeba makatoni ya watu ghalani. La pili lilikuwa elfu sita na mia tano, liko benki kwa jina langu, na sisi tuliliita pesa ya mwili. Watu wetu wanaijua. Ni pesa ya kumrudisha nyumbani yule atakayetangulia kufa: sanduku, karatasi, ndege. Niliiweka kwa kusugua sakafu za ofisi miaka ishirini na miwili. Sikutaka siku ya msiba sinia lipitishwe, watu watoe euro kumi kumi, halafu wiki inayofuata waseme sokoni: yule tulimzika sisi. Na kulikuwa na jambo lingine. Mtoto wetu wa kwanza amezikwa Likasi. Alikuwa na miaka sita. Siku ya kuondoka tulisimama kaburini tukamwambia, kwa sauti, kwamba anayekufa kwanza kati yetu atarudi kulala kando yake.

Kwa hiyo gari lilikuwa na elfu tisa, basi.

La kwanza tuliliona nje ya mji, kwa bwana mmoja anayefuga kuku. Jeupe, elfu saba. Mume wangu alilizunguka akipapasa bati kama anayenunua ng'ombe. Mimi niliinua zulia la ndani nikaona majani. Majani ya ardhini, na kuku mmoja anapita.

"Papa, hii gari utaiendesha na miguu yako mwenyewe," nilimwambia.

La pili lilikuwa karibu na uwanja wa Flagey, jeusi, linang'aa, la kijana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri. Elfu thelathini. Nilipotaka kukaa, akatandika kwanza taulo kwenye kiti, kwa sababu ya kitenge changu. Nikamwambia binti yangu amtafsirie kwamba kitenge hiki kimefuliwa jana, ndevu zake sijui. Hakutafsiri.

La tatu lilikuwa pale pale Anderlecht, kwenye ghala, dakika kumi kutoka jengo letu. Mzee wa Kiflamandi, mjane, alikuwa analiuza kwa sababu macho yamemshinda. Rangi ya chai ya maziwa. Urefu wake ungejaza sebule yetu na korido. Mume wangu alifungua mlango, mzito kama wa benki, akaketi, akashika usukani, na kikohozi kikanyamaza. Ninasema nilichokiona. Mtu ambaye hapandi ngazi kumi bila kukaa chini, alikaa mle robo saa hakukohoa hata mara moja.

"Quatorze mille," mzee akasema. Elfu kumi na nne. Ilipungua elfu tano.

Nyumbani mume wangu akatoa mpango. Sisi Wakongo wa Brussels hatuendi kwenye harusi kimya kimya, tunafika. Kila Jumamosi kuna bibi harusi anayetaka kushuka kutoka kwenye kitu kirefu. Basi atatoa elfu tisa, mzee wa ghala atangojea zilizobaki, na gari litajilipa lenyewe kwa kubeba maharusi, mia tatu kila harusi, mbili kwa mwezi.

"Na mukubwa akikuya asubuyi na pesa mingi?" nikamchokoza.

"Hata mufalme atembee. Bibi arusi wa kwanza njo wa kwanza."

Nikachora mistari nyuma ya kalenda. Mstari wa mahali pa kulilaza, mstari wa bima, mstari wa matairi yale yenye ukanda mweupe, mstari wa petroli, maana linakunywa lita ishirini kwa kilomita mia, mlevi yule. Nikafuta, nikachora tena. Ilitosha. Ilibana, lakini ilitosha. Nilifurahi, nakiri. Nilianza kujiona nimeshuka, meya amenishika mkono.

Kisha tukaenda kuuliza bima, barabara ya Chaussée d'Ixelles, kwa mama mmoja mpole mwenye kucha ndefu. Akatueleza taratibu, kama anayeongea na watoto. Gari la umri ule linapewa namba maalum ya magari ya zamani. Kwa namba hiyo linaingia mjini bila kuulizwa moshi wake, na bima ni ndogo. Lakini haliruhusiwi kubeba watu kwa pesa.

"Hata bibi harusi?" binti yangu akauliza.

Hata bibi harusi.

Na kwa namba ya kawaida? Kwa namba ya kawaida, moshi ule hauruhusiwi Brussels. Basi. Gari zima tulikuwa tumelijenga juu ya maharusi, na hatukumwuliza mtu, kwa sababu kwetu gari refu lisilobeba bibi harusi ni la kazi gani?

Tulitoka. Mume wangu alikaa kwenye benchi la kituo cha basi, akangojea pumzi irudi. Binti yetu alikwenda kuleta gari lake.

"Maman, kuna ile ingine," akaniambia mume wangu.

Nilijua ni ipi.

"Ile ya mwili. Munizike huku. Muntu akikufa hajue iko wapi."

"Huku kaburi ni nyumba ya kupanga, papa. Miaka ikiisha banakutosha inje sawa mupangaji."

"Bon. Nitakuwa nimekubeba." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mgongo mpaka kikapita. "Siku moja, maman. Moja tu. Batu baone."

"Na mutoto?"

Aliangalia magari yanavyopita.

"Mutoto utamwendea wewe."

Ningeweza kumwambia mengi pale. Kwamba ile aibu ni yake, siyo yangu, na kwamba miguu yangu ilinifikisha kanisani vizuri kabisa. Nilishamwambia hayo miaka arobaini na tisa. Nikamwambia tu:

"Hapana, papa. Huku sikuachi."

Hakugomba. Ilikuwa vibaya zaidi. Kila Jumanne alitembea mpaka ghalani, akikaa kwenye kila kizingiti njiani, na yule mzee alimfungulia mlango wa gari akae. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo, ila ya kutaja bei. Mmoja hakuona vizuri, mwingine hakupumua vizuri. Wakakaa mbele, wawili, injini imezimwa, kama watu wanaosafiri.

Mwezi wa saba hakuweza tena kutembea. Wa nane alilazwa. Mwisho wa mwezi huo nilimrudisha, mimi nimekaa juu na abiria, yeye chini na mizigo. Pesa ilitosha, sikupitisha sinia. Amelala kando ya mtoto, kiwiko kwa kiwiko, nimeona kwa macho yangu. Kadi ya meya ilikuja nikiwa kule. Kwa watu wote nilifanya vizuri. Wajukuu wangu tisa wanasema bibi yetu ni chuma. Sawa.

Lakini kuna adhuhuri moja ambayo siwaambii. Ilikuwa siku tatu kabla hajafa. Mzee wa ghala alimpigia binti yetu simu: elfu kumi na moja, ya mwisho, kwa ajili ya rafiki yake. Binti yetu akamwambia baba yake, akatoka, akaenda kulilia koridoni. Mume wangu akanigeukia, mpira wa hewa puani.

"Deux mille tu, maman. Inabaki paka deux mille."

Elfu mbili tu. Madaktari walishasema hatatoka kitandani pale. Hakuwa na mwezi wa tisa. Kumwambia ndiyo kusingenigharimu hata senti. Ningesema ndiyo papa, nimelipa, liko chini linakungoja, na angefumba macho akiwa na gari lake, na pesa ya mwili ingebaki benki nzima, hakuna anayejua. Uongo mdogo, kama ule wa samaki. Mdomo ulifunguka. Lakini yule mtu sikuwahi kumdanganya kwa jambo kubwa, na alikuwa ananiangalia. Nikamfuta jasho la shingo, nikainama karibu na sikio asikie vizuri.

"Hapana, papa. Huku sikuachi."