Chai ya Tai wa Theluji wa Nane

Kampuni ya Yunqiao ilianza katika chumba kimoja juu ya duka la tambi, na vijana wanne waliouza vifungo vya nguo kwenye mtandao. Lou Jinfa, mkulima wa kijiji cha hapo, aliwahi kuwapelekea maboga, maana walikuwa wembamba akawaonea huruma. Miaka ishirini baadaye mji mzima ulikuwa ukinunua kwao mchele, dawa, majeneza na wachumba, na kijiji cha kina Lou kilikuwa kimelala chini ya majumba yao ya vioo.

Kilichobaki ni mistari sita ya michai katikati ya uwanja. Wakubwa waliiacha ili wafanyakazi wapate kitu cha kijani cha kupumzishia macho. Michai ile ilipandwa na mama yake Lou, na Lou akaajiriwa kuitunza. Akapewa kitambulisho cha shingoni na jina jipya, kwa kuwa desturi ya Yunqiao ni kwamba kila anayeingia huacha jina la kwao getini na kuchukua la shujaa wa kale. Mazuri yalikuwa yamekwisha. Likamwangukia la Tai wa Theluji wa Nane, maana saba walikwisha kumtangulia.

"Tai wa Theluji," mkewe Caidi alimwita jioni ile, "shuka ule, tambi zinapoa."

Msimamizi wake alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, jina lake la kazini Panga la Mwezi. Siku ya kwanza tu Lou akamwita mwanangu.

"Huku hakuna mwana wala mjomba," binti akamwambia. "Sote tuko sawa."

"Vizuri, mwanangu. Basi nikiwa na neno utanisikiliza?"

"Andika ombi."

Kila miezi mitatu Lou alijaza ripoti ya maendeleo. Msimu wa kupogoa aliitwa ofisini.

"Michai imepungua kwa asilimia thelathini," alisema Panga la Mwezi.

"Nimeikata."

"Kwa nini?"

"Ili ikue."

Binti aliandika kwamba mfanyakazi huyu ana mipango ya muda mrefu.

Sasa zilibaki siku nne kufika Qingming, siku ya kusafisha makaburi. Tangu mama yake afariki, Lou hakukosa hata mwaka mmoja kummiminia kaburini kikombe cha chai ya kwanza, ya machipukizi yaliyochumwa kabla ya siku hiyo. Siku ikishapita, mvua huyanenepesha majani, yakawa makali, chai ya kumpa mgeni usiyempenda. Na mwaka huu ilitoka kanuni kwamba hakuna kugusa jani bila idhini. Ombi la Lou lilikuwa limepanda hadi kwa mkubwa wa ngazi ya tatu, naye alikuwa milimani kwenye semina ya kujifunza utulivu.

"Mama yangu ananisubiri," Lou alisema.

"Mbona huduma hiyo tunayo." Panga la Mwezi akamwonyesha simu. "Unachagua kaburi, unabonyeza hapa, chai inamiminika yenyewe. Tazama, na ubani unafuka."

Lou alitazama kwa adabu mpaka mwisho. "Harufu je?"

"Inakuja kwenye toleo lijalo."

Alirudi kwenye michai yake, akahesabu machipukizi kwa macho, akamwangalia Caidi akifuta vioo vya ghorofa ya chini. Maana watu wa kijiji hawakwenda mbali. Waliofagia, waliopika, hata Shuigen aliyekaa chumba cha kamera, wote walikuwa majirani wa zamani.

Na saa saba mchana Yunqiao hulala. Taa huzimwa, vitanda vya kukunja hutolewa chini ya meza, watu elfu sita hufunika macho kwa vitambaa na kusinzia saa nzima, ili wapate nguvu ya kukesha kazini. Kesho yake, saa saba na dakika tano, wanawake tisa walitoka na ndoo safi za kupigia deki.

"Shuigen, unaona nini kwenye kamera?" Caidi aliuliza kwa simu, huku vidole vyake vikichuma.

"Naona wafagiaji wanafagia."

"Wanafagia nini?"

"Majani. Inameni kidogo, shemeji, kofia zenu za kuchumia chai zinanitia aibu."

Lou aliikaanga chai hiyo usiku huohuo kwa viganja vitupu katika sufuria kavu, na siku ya Qingming mama yake alikunywa kwanza.

Idhini ilifika siku tisa baadaye. Lou akachuma majani mapana, akayatia kwenye makopo yaliyokwisha kuandikwa kwa dhahabu: Kabla ya Qingming. Wakubwa walikunywa wakifumba macho, wakasema wanausikia ukungu wa asubuhi. Tai wa Theluji wa Nane akapewa cheti cha kuheshimu muda.

Panga la Mwezi alikunywa funda moja, akaweka kikombe chini. Akamfuata Lou nje.

"Mjomba," alisema taratibu, "kwetu pia tunalima chai. Hii si ya kabla."

Lou alifuta kisu chake cha kupogolea kwenye suruali.

"Na ile ya kabla iko wapi?" binti akauliza.

"Andika ombi, mwanangu."