Niliyemsalimia Kwenye Kamera

Ashukuriwe Mungu, anayetuona sote bila waya wala umeme.

Asubuhi moja niliingia duka la dawa za pamba pale Bariadi. Tangu biashara iwe huria, maduka yamejaa vitu vya ajabu. Ukutani palikuwa na runinga ndogo.

"Ni ya kamera, babu," alisema Kabula, mwenye duka. "Inalinda mali. Naona hadi stoo."

Nikatazama. Katika ukungu wa kijivu, kama ndotoni, alisimama mzee amenipa kisogo. Kisogo cha marehemu baba! Nikajua ni Masanja, mdogo wangu, niliyenuniana naye tangu tugombanie dume la ng'ombe la mahari ya dada yetu.

"Mwangaluka, Masanja," nikamsalimia kwa Kisukuma.

Hakugeuka. Kwetu asiyeitikia salamu bado ana kinyongo. Nikavua kofia, naye akavua. Moyo ukalainika.

"Nisamehe, ndugu yangu. Dume lilikuwa lako."

Kabula akaziba mdomo. "Babu, huyo ni wewe! Kamera iko mlangoni, nyuma yako."

Wateja wakaangua kicheko. Sikujua pa kuuweka uso. Ndipo kwenye runinga, nyuma ya mzee yule, ikatokea kofia ya pili, na sauti ikaja kutoka mlangoni:

"Mwangaluka, kaka."

Nawe msomaji, Mungu akukutanishe na uliyemnunia.