Prosecco kwa Ndagala

Siku niliyoposwa, Jumapili moja mchana huko Ganshoren, ughaibuni, nusura nikose mume kwa sababu ya keki.

Ilikuwa keki ya krimu, kutoka duka la mikate la mtaa wa Saint-Josse. Mama mdogo wangu, aliyenilea tangu tulipotoka Lubumbashi, aliikata mapema ili wageni wasikae mikono mitupu. Ndipo mchumba wangu, mhudumu katika mgahawa wa Kiitaliano, akaweka mezani chupa sita za prosecco, ule mvinyo wao wa mapovu, na alichagua ule ambao karibu hauna sukari. Mimi nilimwambia alete bia. Alikataa, alitaka wazee wangu wanywe kitu cha maana.

Tonton, kaka mkubwa wa marehemu mama, ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Alimeza krimu, akapiga funda moja, uso ukamkunjamana.

"Ah! Hii njo nini? Champagne ya bongo, ya kudanganya? Iko acide! Mutoto yetu tumupe muntu mwenye kutuletea vinaigre?"

Baada ya kuuita siki, akaweka glasi chini. Tonton akiweka chini glasi iliyojaa, mazungumzo yamekwisha.

Nilimtazama mchumba wangu. Alikuwa ameikazia macho keki kana kwamba imemwibia. Alishanieleza mara nyingi, hadi nikachoka: kitu kitamu kikitangulia mdomoni, mvinyo huu unageuka mchachu; wenyewe unataka chumvi, unataka mafuta, unataka kitu cha kukaanga. Lakini kwetu anayeposa hasemi, husemewa. Na msemaji wake, mzee mmoja mpole kutoka Berchem asiyejua chochote kuhusu mvinyo, akasimama na kusema, "Pardon, papa, labda imearibika ku njia."

Nilitamani ardhi ipasuke. Machozi yalikuwa yananilengalenga.

Mama mdogo akanitupia jicho moja, akasonya, akaenda jikoni. Alikuwa mtu wa kanisa, pombe hajawahi kuionja maishani. Punde tukasikia mafuta yanachachatika. Harufu ya ndagala, wale dagaa wakavu aliokuwa akiwaficha kwenye ndoo barazani, ikaingia sebuleni, na wazee waliokwisha kuulizia makoti yao wakakaa tena.

Aliwaleta wa moto, chumvi juu, pilipili pembeni. Akazoa sahani za keki bila kumwomba mtu ruhusa. "Kuleni. Muntu hawezi kuongea mambo ya ndoa na gâteau mu kinywa."

Tonton akatafuna konzi nzima. Pilipili ikamshika, na kilichokuwa karibu ni ile glasi. Akanywa. Akaitazama glasi. Akanywa tena.

"Tiens! Njo ile ile? Bon, alors, mutie ingine."

Chupa zote sita zikaisha, na ndoo ikabaki tupu. Nikaolewa.

Kwa miaka mingi mume wangu alimsimulia kila mgeni kwamba mama mdogo alikuwa na ulimi wa mvinyo kuliko mabosi wake wote, ulimi usiohitaji hata kuonja. Mimi pia niliamini. Jumapili nyingine bado tunafungua chupa na kukaanga ndagala, na jirani wa juu bado analalamikia harufu. Lakini mkono wa mama mdogo mimi sina. Dagaa wangu wanaungua au wanabaki laini, na hapo ndipo ninapomkumbuka hadi nashindwa kula.

Mwaka jana, hospitalini, wiki chache kabla hajatutoka, nilimuuliza ni nani aliyemfundisha siri ile ya mvinyo na dagaa. Akanishangaa.

"Kunifundisha nini? Mambo ya vin mi sijue. Nilikuona unataka kulia. Mu butoto, ukilia, nilikuwaka nakukaangia ndagala, unanyamaza."

Kumbe sahani ile ilikuwa yangu. Na siku ile, katika kelele za wazee na glasi zao, sikupata kuonja hata dagaa mmoja.