Mkono wa Daktari Dominick

Romana Nikodemo, mtoto wa wakulima wa machungwa wa Kipatimu, alikuwa na miaka thelathini na sita alipopata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji. Kabla ya hapo alikuwa daktari wa kawaida Kilwa Masoko kwa miaka saba. Kuzalisha kwa upasuaji aliweza, ngiri aliiweza. Utumbo uliojisokota aliuandikia rufaa, na wengi walikata roho kabla gari la wagonjwa halijafika hata Somanga, njiani. Barua ya kukubaliwa ilipokuja, alilia mbele ya manesi bila kuona haya.

Mafunzo yalikuwa ya miaka minne, katika hospitali moja upande wa Lindi yenye bingwa mmoja tu, Daktari Dominick. Wanafunzi walikuwa wawili, Romana na Majid wa Kivinje. Darasa lao lilikuwa wodi na meza ya upasuaji, mzee akiwa amesimama nyuma yao.

"Usivute hivyo! Utumbo si kamba ya mbuzi."

Mwaka wa kwanza walishikilia vifaa tu na kufuta damu. Mwaka wa pili Romana alikata utumbo uliooza na kuuunga mwenyewe. Dominick akamwambia, "Sasa unaanza kuwa mtu."

Mwaka huohuo ndipo alipouona mkono wa mwalimu wake. Ulitetemeka kidogo, kama wa mtu aliyebeba ndoo toka mbali. Mkasi ukagusa mshipa, damu ikaruka. Romana akaubana mshipa bila kuambiwa. Walipokuwa wakinawa, mzee alimuuliza bila kumtazama,

"Umeona nini, mama?"

"Nimeona mkono wako, mwalimu."

"Ni uchovu."

Baadaye Majid alimvuta pembeni. "Dada Romana, tafadhali. Mzee akiondoka, kozi imekufa. Imebaki miaka miwili tu. Penye ugumu tufanye sisi, yeye asimame."

Romana alikubali. Miezi mitatu wakaenda hivyo, wakibadilishana kumsitiri mwalimu wao. Kisha Romana akaenda Kipatimu kumzika shangazi yake. Majid alikuwa wodini, amezidiwa na wagonjwa, siku Dominick alipoingia peke yake kumtoa Bi Mwahija wa Pande uvimbe wa tumboni. Bi Mwahija hakutoka hai.

Romana aliporudi alimkuta mume wa marehemu, Kibwana, akisubiri karatasi za mazishi.

"Tunajua mlijitahidi, daktari," Kibwana alisema. "Ni kazi ya Mungu. Ahsanteni sana."

Romana alimtafutia karatasi zake, akamkabidhi. Kesho yake asubuhi aliingia kwa mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali, akasema yote, hata ile miezi mitatu.

Dominick alisimamishwa wiki ileile. Alitafutwa bingwa mwingine, hakuna aliyekubali kuja. Mafunzo yakafungwa. Kwingine walikoomba wahamie waliambiwa miaka yao miwili haihesabiki, waanze upya kwa gharama zao.

"Umeniua, dada," Majid alimwambia akifunga begi.

"Kuna mtu amekufa kweli, Majid."

"Na watakufa wangapi kwa kutukosa mimi na wewe?"



Kabla ya kuondoka Romana alikwenda nyumbani kwa Dominick. Mzee alikuwa barazani, mikono ameificha katikati ya mapaja.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Ulifanya sawa. Ila ulichelewa. Na mimi nilichelewa kuliko wewe."

Hakumkaribisha kukaa. Romana alisimama kidogo, akaaga, akaenda zake stendi.

Sasa amerudi Kilwa Masoko. Aliomba masomo tena mara mbili. Mara ya pili akaambiwa umri umempita. Majid aliacha udaktari, anauza katika duka la dawa Lindi mjini, na simu za Romana hapokei. Romana aliomba aondolewe kwenye zamu ya upasuaji, uongozi ukakataa kwa kuwa hakuna mwingine. Basi anapasua. Wengi wanapona, wanakuja kumshukuru na mayai ya kienyeji, naye anayapokea na kuwapa manesi. Nyumbani hapeleki hata moja.