Mbao Iliyokataa Mafuta

Juzi nilishuka Tukuyu, na pale Ibighi kijana wa bodaboda akanimwagia petroli mguuni. Aliniomba radhi mara tatu, maskini, na mimi natabasamu tu. Harufu ile ilikuwa imenirudisha darasa la sita, jikoni kwa bibi, na ndege yangu ya mbao.

Usicheke, rafiki. Ilikuwa na injini! Enzi zile biashara ya nje ilikuwa imefunguliwa, mitumba inashuka Mbeya kwa marobota, na ndani ya robota moja mjomba akakuta kiinjini kidogo kama ngumi ya mtoto. Ndege niliichonga mwenyewe, na hakuna mvulana aliyenifikia. Kasoro ilikuwa moja: injini ilitema mafuta, mbao ikayanywa, gundi ikalegea, mabawa yakaanza kuachia. Nami nilishatangaza shule nzima kwamba siku ya kufunga muhula, mbele ya wazazi, itaruka.

Nikaipaka nta ya mshumaa, mafuta yakaila. Nikapaka rangi, ikabambuka. Jirani yetu seremala akasema, "Binti, toa kwanza mafuta kwenye mbao, ndipo upake gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya." Haya, na mvua ya Tukuyu unaijua! Kwetu kila kibichi huanikwa darini juu ya moto: mahindi, kuni, hata viatu. Basi nami nikaing'oa injini, nikaipandisha ndege yangu huko, inanuka mafuta, moto unawaka chini yake.

"Mwe! Unataka kutuchoma?" Bibi aliinyakua, akaifukia kwenye debe la majivu makavu yaliyopoa. "Majivu hayashibi," akasema. Siku tatu akawa anayabadilisha, yakitoka meusi, hadi mbao ikawa nyeupe. Nikaipaka gundi, ikawa ngumu kama kucha, nikarudisha injini.

Siku ilipofika, mwalimu alitaka tuifunge kamba izunguke uwanjani. Nikakataa, nilikuwa naiamini mno. Wee! Iliruka, ikavuka miti ya milingoti, ikaelekea mashamba ya chai bila injini kukohoa hata mara moja. Wazazi walipiga vigelegele. Tuliitafuta mpaka ukungu ukatufukuza, na sikuiona tena.

Nililia njia nzima. Bibi akaniuliza, "Uliitengeneza iruke au ikae?"

Nilinuna, nikaenda kulala. Leo jiko lile la mianzi halipo, na bibi tumeshamzika. Iruke, bibi. Nilitaka iruke. Inaniuma kwamba sikukuambia.