Muuza dawa wa Kyela asiyeuza tena vidonge viwili viwili

Saa tatu asubuhi, siku ya soko, Shamsa Abdulrahim amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake la dawa mjini Kyela, mikono ameikunja kifuani. Mbele yake yupo Angetile, mfinyanzi aliyekuja na mtumbwi kutoka kijiji cha Ikombe, kando ya ziwa, kuuza vyungu. Mumewe ana homa na tumbo linamkata.

"Nipe sipro mbili tu, Mama Sabrina."

"Kumi, au mpeleke hospitali. Mbili siuzi."

Angetile anashangaa, na ana haki. Mwanzoni mwa mwaka jana, 1998, Shamsa huyu huyu alikuwa akimuuzia mbili mbili bila neno.

Tangu biashara iachiwe huru, dawa mpya zinafika Kyela kwa basi la Mbeya, na sipro, vidonge vya kuua vijidudu, ndiyo inayosifiwa kuliko zote. Dozi nzima, vidonge kumi, ni bei ya vyungu vitano. Basi watu hununua kidogo, homa ikishuka wanaacha, na vinavyobaki wanavitia kwenye kijungu, akiba ya masika, maji ya mafuriko yanapoingia visimani.

Nyumbani kwa Shamsa mambo yalikuwa hayo hayo. Aprili iliyopita bintiye Sabrina, mwenye miaka tisa, alishikwa na homa ya matumbo. Safari hiyo alipewa sipro dozi kamili. Siku ya sita alikuwa hajitambui. Majibu ya maabara kutoka Mbeya yalisema vijidudu vile ni sugu kwa sipro.

"Daktari alinieleza taratibu," anasema Shamsa. "Dozi pungufu inaua vijidudu vinyonge. Vile vigumu vinabaki, vinazaliana, vinatoka na choo, vinaingia kwenye maji, vinampata mwingine. Huyo hata ameze kumi, wapi."

Sabrina alipona kwa sindano ya aina nyingine. Shamsa hajui vijidudu vile vilitoka tumboni mwa nani. Anajua kwamba vidonge vingi vilitoka kwake, na jambo hilo linamuuma.

Wateja wamepungua, wengine wanavuka barabara kwenda duka la jirani, ambako mbili mbili bado zinauzwa. Angetile havuki. Anakiri kwamba nyumbani ana vidonge vinne vya akiba.

"Usimpe hivyo. Mlete hospitali apimwe."

"Haya, nitamleta kesho. Ndaga, dada," anashukuru.

Jumatatu Shamsa atapanda mtumbwi kwenda Ikombe, apite nyumba kwa nyumba kuomba vidonge vya akiba kabla ya masika.

"Wataniuliza, tukiugua tumeze nini? Nitawaambia waje hospitali," anasema. "Ila daktari aliniambia ile sindano ndiyo dawa ya mwisho aliyonayo. Vijidudu vikiizoea na hiyo, hana nyingine."